Mpe Mwanafunzi Kaya Moja: Kulea Wauguzi Wanafunzi katika Afya ya Akili, Nyamigogo

Mwanafunzi wa uuguzi anaposhuka kwenye bodaboda mbele ya zahanati yako, begi mgongoni na kitabu cha mazoezi mkononi, muulize swali moja kabla hujamwonyesha pa kulala: "Mgonjwa wa akili uliyemwona mara ya mwisho alikuwa na umri gani?" Wengi watakujibu kwamba alikuwa kijana wa kiume, aliletwa amefungwa kamba na ndugu wanne, akachomwa sindano, akalala. Waulize kama katika mafunzo yao ya afya ya akili wamewahi kukaa na mama mwenye kichanga, mtoto wa darasa la kwanza, au bibi asiyetambua tena wajukuu wake. Watanyamaza. Kazi yako inaanzia kwenye ukimya huo.

Nakuandikia wewe muuguzi unayelea wanafunzi katika zahanati na vituo vya afya vya Nyamigogo na kata jirani za Biharamulo, pamoja na wenzako wa upande wa Ngara. Ninalokuomba ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Usimfundishe mwanafunzi afya ya akili kwa kumpitisha kwenye orodha ya magonjwa. Mpe kaya moja yenye watu wa rika zote, awe mgeni wake wa kudumu tangu wiki anayofika hadi wiki anayoondoka.

Tumezoea kuliona tatizo la akili kuwa jambo la kusafirishwa. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baada ya miaka michache ikawa mahali pa wagonjwa wa akili. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927. Jina lake masikioni mwa Mhaya ni amani. Lakini kutoka Biharamulo kufika Mirembe unapita Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida, na familia nyingi haziwezi kuianza safari hiyo bila kuuza mbuzi. Miaka ya 1980 nchi yetu ilijaribu njia nyingine katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro: kuipeleka huduma ya akili hadi kwenye zahanati. Shirika la Afya Duniani nalo likaanzisha mwaka 2008 mpango wake wa kuziba pengo la huduma ya akili, mhGAP, na kitabu chake cha mwaka 2010, kilichorekebishwa mwaka 2016, kiliandikwa makusudi kwa wahudumu wasio mabingwa. Huna sababu ya kujiona mdogo. Kitabu hicho kinamzungumzia mtu kama wewe.

Kuhusu kuchagua kaya. Kaa na mhudumu wa afya wa kijiji, anazijua nyumba. Usichague nyumba ambayo tayari kijiji kinaiita nyumba ya kichaa. Ziara za mwanafunzi zitaipigilia jina hilo. Chagua nyumba ya kawaida: mama mjamzito au anayenyonyesha, watoto, kijana, mtu mzima anayehangaika na shamba, na mzee. Omba ruhusa ya wenye nyumba kwa maneno yanayoeleweka, na uwaambie wanaweza kukataa leo au katikati ya safari. Mwenyekiti wa kitongoji ajue kwamba mgeni anapita, lakini asijue kinachosemwa ndani. Kijiji ni kidogo. Neno likitoka asubuhi zahanati, mchana limeshafika kisimani.

Mwanafunzi aende bila gauni jeupe, tena asiende na karatasi ya maswali mkononi. Aamkie kwanza. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, karibu." Akute wanachambua maharage, achambue maharage. Mkono ukiwa na kazi, mdomo hulegea. Ziara ya kwanza asiulize lolote kuhusu akili. Akirudi zahanati akueleze tu nani analala wapi, nani anakula na nani, na nani hakuongea kabisa. Swali hilo la mwisho ndilo nitakalokusihi usilisahau.

Sasa lugha. Biharamulo ni njia panda ya watu. Utakuta Kisubi, Kizinza, Kihaya, Kisukuma, na ukielekea Ngara, Kihangaza ambacho msemaji wa Kirundi anakisikia bila shida. Mwanafunzi kutoka Mbeya au Tanga atategemea mkalimani, na mkalimani wa karibu huwa ni mtoto wa nyumba. Mkataze mwanafunzi kumtumia mtoto. Mama hawezi kumwambia mgeni, kupitia kinywa cha binti yake wa miaka kumi, kwamba kuna usiku anatamani asingeamka. Mtafute mama mtu mzima anayeaminika, naye aelezwe maana ya siri ya mgonjwa.

Hata katika Kiswahili, mwanafunzi ajifunze malalamiko yanavyokuja. Neno sonona lipo vitabuni. Hakuna atakayekuja dirishani akisema ana sonona. Atasema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, ana mawazo mengi, usingizi umemkimbia. Amepimwa malaria mara tatu na mara tatu hana. Kule Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi 14 kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwasikiliza, nao walitumia neno la Kishona walilolizoea wenyewe, la kuwaza kupita kiasi. Jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016 likaonyesha kwamba waliosikilizwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi ya mninga chini ya mwembe wa zahanati yako inatosha kuanzia. Na neno kichaa lisitoke kinywani mwa mwanafunzi, hata akiwa jikoni na wenzake.

Ukianza na mama, anza mapema. Kliniki ya wajawazito ndiyo mlango ambao karibu kila mwanamke anapita, na muda mwingi tunautumia kupima shinikizo la damu na kuhesabu vidonge vya kuongeza damu. Mfundishe mwanafunzi kuongeza maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni isiyoondoka, na umepoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakikufurahisha? Kisha afunge mdomo. Wanafunzi wengi huuliza na kujibu wenyewe: "Lakini uko sawa tu, mama, eti?" Huo siyo uulizaji, ni kumwomba mama akubali. Baada ya kujifungua, huzuni ya siku chache yenye machozi ya ghafla hupita. Inayokaa zaidi ya wiki mbili, inayomfanya mama asimtazame mtoto usoni, asile, ajione hafai, hiyo inataka kufuatiliwa, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa uzito wa mtoto usiopanda kwenye kadi.

Kuna hali nyingine ambayo mwanafunzi lazima aitambue usiku wa manane bila kukupigia simu kwanza. Mama wa siku ya tatu au ya kumi, hajalala kabisa, anaongea haraka, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au mtoto ametumwa. Nyumbani watasema ni mke mwenza, au ni mizimu ya upande wa baba. Wasigombezwe. Mwanafunzi apime joto, apime malaria na sukari, apime shinikizo na kuangalia mkojo, kwa kuwa homa ya uzazi, malaria kali na kifafa cha mimba navyo huvuruga akili. Mama asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, wala asinyang'anywe mtoto kana kwamba ni mhalifu. Awepo ndugu wa kike karibu. Na rufaa iondoke usiku huohuo.

Kwa watoto, nitakaa kwenye kifafa, maana ndicho kinachowaumiza zaidi na ndicho tunachoweza kukipunguza kwa gharama ndogo. Mtoto anaanguka jikoni, mkono unaingia kwenye moto wa mafiga, na watu wazima wanasimama pembeni kwa kuamini kwamba povu lake linaambukiza. Kovu la mkono ule ni kovu la imani yetu. Mwanafunzi afanye onyesho mbele ya familia nzima, yeye mwenyewe akilala chini kama mgonjwa: ondoa vitu vya hatari, mgeuze ubavu, legeza nguo shingoni, usitie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Degedege ikipita dakika tano, ni dharura. Wamguse mwanafunzi, wacheke, warudie. Halafu aeleze dawa. Fenobabito humezwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo zinazoua. Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960 kati ya watu waliokuwa wakitengwa na jamii zao, na kazi yake ilionyesha kwamba dawa rahisi, ikitolewa bila kukatika, inamrudisha mtu shambani na mezani. Shule nayo ihusishwe: mwalimu anayejua kumgeuza mtoto ubavu hamrudishi nyumbani.

Mwanafunzi wako pia amtafute mtoto mkimya. Kelele za mtoto mtundu zinasikika hadi zahanati. Aliyeacha kucheza tangu baba alipoondoka haonekani.

Kwa vijana sitakaa sana, isipokuwa jambo hili: karibu nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote huwa yameshaanza mtu anapofika miaka 18. Mwanafunzi wako mwenyewe bado ni kijana, mtumie. Atasikilizwa na binti aliyeacha shule au kijana wa CTC, kliniki ya VVU, aliyezaliwa na virusi na sasa anatupa dawa chooni, kuliko utakavyosikilizwa wewe. Ajue namba 116, simu ya mtoto, na ajue kwamba akiambiwa habari ya ukatili dhidi ya mtoto hawezi kuahidi kuificha.

Mtu mzima. Hapa ndipo vitabu vimejaa, kwa hiyo nitaeleza mambo mawili tu ambayo vitabu huyapitia haraka. La kwanza ni shingo. Mgonjwa amechomwa au amemeza haloperido, kesho yake shingo inapinda upande, macho yanapanda juu, ulimi unatoka, hawezi kusema. Familia inaona pepo amekasirishwa na dawa ya hospitali. Wanamchukua, na hawarudi tena. Ni athari ya dawa, inatisha, na inatibika kwa benzekso au dawa ya jamii yake. Mwanafunzi awaambie ndugu kabla haijatokea. Maneno mawili yaliyosemwa mapema, "shingo ikikaza njooni haraka, tunayo dawa yake," huokoa matibabu ya miaka.

La pili ni siku ya tatu ya mnywaji. Mzee wa gongo amelazwa kwa nimonia, hajapata kinywaji tangu Jumatatu. Jumatano usiku anatetemeka, anatoka jasho, anaokota wadudu wasioonekana kwenye shuka. Mwanafunzi ataandika kwenye faili kwamba amerukwa na akili. Muulize: "Alikunywa lini mara ya mwisho?" Hali hiyo inaua. Inataka diazepamu, maji, na vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Mwanafunzi azoee kumuuliza kila mtu mzima kuhusu pombe kwa sauti ileile anayomuulizia kikohozi.

Historia ya mahali haimo kwenye kadi ya kliniki, lakini imo ndani ya watu. Siku za mwisho za Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku zile, awe alivuka daraja au aliwatazama wanaovuka, leo ni mzazi anayeleta watoto wake kupata chanjo. Kagera pia ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na bibi wengi wa leo walilea wajukuu baada ya kuzika wazazi wao. Mwanafunzi asichimbe. Akisikia, akae, asikimbilie kusema "pole, yamepita."

Kwa wazee, mfundishe kutofautisha vitu viwili. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla tangu jana ni mgonjwa wa mwili hadi uthibitishe vinginevyo: mkojo, mapafu, malaria, sukari, maji, au vidonge alivyopewa. Mzee anayesahau polepole kwa miaka huenda ana ugonjwa wa kusahau, nao upo vijijini kwetu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta takriban 6 kati ya 100 wanao. Watafiti wa Kilimanjaro waliona kwamba vipimo vya kumwandikisha mzee au kumchoresha saa vinamwonea asiyesoma, wakatumia njiti za kiberiti: unampangia umbo, naye anapanga lake kama hilo. Mwanafunzi wako anaweza kujifunza hilo kwa kiberiti cha jikoni. Na nisiseme kwa mafumbo: katika kanda hii ya ziwa wameuawa bibi wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko. Bibi anayezunguka usiku asijue njia ya kwake yuko katika hatari hiyohiyo. Muuguzi akitamka mbele ya wana na wakwe kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, neno lake linaweza kumlinda kuliko mlango.

Swali la kujiua wanafunzi huliogopa kwa kudhani linapanda mbegu. Halipandi. Mfanyishe mazoezi nawe ukiwa mgonjwa, hadi aweze kuuliza bila kuinamisha macho: "Je, umewahi kufikiria kujitoa uhai? Umefikiria kwa njia gani? Kitu hicho kipo nyumbani?" Hapa kwetu kitu hicho mara nyingi ni dawa ya pamba au ya panya iliyowekwa uvunguni. Kumshawishi ndugu aifungie kwenye sanduku, au aiondoe kabisa, ni tiba. Ajue pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwa sababu hiyo familia husema mtu "alikunywa kwa bahati mbaya." Kwa maoni yangu sheria hiyo inawafukuza wagonjwa mlangoni petu. Mtibu aliyekunywa sumu kwanza. Fomu za polisi zisimcheleweshe.

Kuhusu waganga: mwanafunzi akikuta mgonjwa amefungwa mnyororo kwa mganga, asianze ugomvi. Aje akuambie, mwende pamoja mkiwa na mhudumu wa kijiji. Muulize mganga kwa heshima nini kinamshinda. Mara nyingi mnyororo ni woga wa watu wasio na dawa. Dawa ikifika, kufuli hufunguliwa. Ndumba na hirizi mnaweza kuziacha shingoni. Kipigo, njaa na mnyororo havina mjadala.

Mwisho ni mwanafunzi mwenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg hapa Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na 8 wakahesabiwa kuwa huenda walikuwa nao, na wote 10 walifariki. Watu walizika bila kugusa wafu wao. Wahudumu walirudi nyumbani wakaogopwa na watoto wao. Mwanafunzi aliyepita katika kipindi kama hicho, au aliyeona kifo chake cha kwanza cha uzazi, hapaswi kurudi zamu kesho kana kwamba amevunja glasi. Tenga nusu saa kila Ijumaa, mlango umefungwa, bila kitabu cha alama. Anza wewe kusema kilichokuelemea wiki hiyo. Asiyemwona mlezi wake akilia hatajua kwamba muuguzi anaruhusiwa kulia.

Unapompa alama, zisitoke kwenye kuorodhesha dalili za skizofrenia. Mwombe akusimulie kaya yake: nani anamsikiliza nani, nani yuko hatarini, dawa ya nani itaisha lini, na ni lipi alilolikosea. Anayeweza kusimulia kosa lake bila kujitetea mpe alama ya juu.

Na siku ya kuondoka, mrudishe kwenye kaya yake akaage. Tafadhali, kabla hajapanda bodaboda, mhakikishie mama mwenye nyumba nani atakuja wiki ijayo kumwangalia, na umtajie jina.